Sauti ya Michiya Mihashi

Wiki hii nzima sisikilizi mtu mwingine, jamani. Michiya Mihashi, mwimbaji wa Japani, alizaliwa Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa nchi hiyo, mwaka 1930, akaanza na nyimbo za asili za Kijapani na kupiga shamisen, ile ala ya nyuzi tatu, kabla ya kutamba miaka ya 1950 kwenye enka, nyimbo za Kijapani za hisia nzito za huzuni na kukumbuka nyumbani.

Wimbo ulioniteka ni "Ringo Mura Kara" wa 1956. Aliyebaki kijijini anamuuliza aliyekwenda mjini: bado unakikumbuka kijiji chetu? Barua zimekatika miaka mingi. Halafu panakuja pale matufaha mekundu yanapopakiwa kupelekwa mji mkuu, na kila akiyaona moyo unamuuma. Hapo ndipo niliposimamisha kazi zote nikaurudia. Enzi hizo vijana wengi wa kaskazini walikuwa wakipanda treni kwenda kufanya kazi Tokyo, wengine wametoka tu shule, kwa hiyo maneno yale yaliwagusa watu mahali penyewe.

"Kojo" wa 1959 ni mwingine: ngome ya kale juu ya kilima, upepo unavuma kwenye misonobari. Sauti yake inapanda juu kabisa, nyembamba na safi, kisha anaitetemesha kidogo bila kulazimisha. Kwangu mimi hakuna mwanaume wa enka anayemfikia hapo.

Alifariki 1996. Mwenye rekodi zake za nyimbo za asili, hasa zenye shamisen, naomba anitumie. Nazitafuta kwa hamu kweli.