Kidimbwi kimeshika maji

Hatimaye! Nilikijaza jana jioni, usiku haikunyesha, na leo asubuhi maji bado yapo kwenye alama niliyochora kwa makaa juu ya jiwe. Mnaoujua udongo mwekundu wa hapa Bombo, Uganda, usioshika maji, mtanielewa. Turubai la plastiki lilitobolewa na kuku. Saruji ikapasuka kiangazi cha kwanza tu. Iliniuma, kwa sababu bustani yenyewe imeshastawi: ndege wamejaa, chozi wanashinda kwenye maua, shorwe kwenye mapapai, lakini jua likikaza wote wanahama kufuata maji.

Dawa imekuwa udongo wa kichuguu, ule ule wa kusakafia nyumba. Mchwa huupandisha kutoka chini, chembe zake laini mno. Ila kuumwaga na kuushindilia hakutoshi. Mabonge huacha mianya, na maji hupenya humo humo. Lazima ukandwe. Niliuponda, nikauchekecha, nikaulowesha usiku kucha, kisha mimi na watoto tukaukanyaga hadi ukawa unavutika kama ugali wa muhogo. Nikaupaka tabaka juu ya tabaka, kila moja likiwa bado bichi, na kufunika kwa majani ya migomba. Ukiuachia ukauke hata mchana mmoja, nyufa hizo!

Kwa kazi hii sepetu silitaki tena. Gogo la kushindilia nalo hubana juu, chini kunabaki kumelegea. Mguu mtupu unahisi bonge lilipo.

Ukingo mmoja nimeuacha mteremko wa changarawe, kina sentimita 2 hadi 5, maana ndege wadogo hawaogi penye kina. Kwera dume alifika kabla sijanawa mikono: akachovya mdomo, akatazama huku na huku, akajitosa hadi tumboni na kupiga mbawa mpaka changarawe zote zikalowa. Nilifurahi mno!

Mama jirani ameuliza habari ya mbu, na ana haki. Samaki wadogo wataingia wiki hii wale viluwiluwi vya mbu. Kereng'ende watakuja wenyewe, na watoto wao majini nao ni walaji wakubwa wa viluwiluwi hivyo.

Visanduku vya viota nilivyoahidi vitangoja, ingawa mbao zimeshakatwa. Kuna mtu anapogoa mti wake wa mutuba, aina ya mtini, na mutuba huchipua hata kwa tawi nene lililochomekwa ardhini. Tini zake zitaleta ndege kama zuwakulu na hondohondo. Nikipata matawi manne kabla ya mvua za Machi, nitayachomeka upande wa magharibi ili kivuli cha alasiri kiangukie maji.