Kreti la soda

Ni saa tisa na nusu usiku. Nimekaa pembeni ya jukwaa na rundo la waya ambazo sijamaliza kuzikunja, na masikio bado yanavuma. Nataka niandike ya leo kabla sijalala.

Ukumbi wetu ni mdogo. Ukifurika unabeba watu mia moja na hamsini, na hapo wengine wamesimama karibu na jiko la nyama choma. Paa ni bati, sakafu ni saruji, ukuta wa nyuma ni tofali lisilopigwa lipu. Mchana ukiwa mtupu, ukipiga kofi unalisikia likirudi. Leo ilikuja bendi ya dansi ya watu kumi: waimbaji watatu, magitaa matatu, besi, drams, tumba na kinanda. Mimi ndiye fundi mitambo, na miksa yangu ina chaneli kumi na sita.

Nyimbo tatu za mwanzo, maneno hayakusikika. Hilo ndilo linaloniuma. Watu hawaji kwenye dansi kwa ajili ya chemko peke yake, ile sehemu ya mwisho ya wimbo yenye kasi ya kuchezea. Kabla ya chemko kuna kisa: mtu kadhulumiwa na ndugu zake kwenye mirathi, mtu anamsihi mdogo wake aliyeko mjini asiwasahau wazazi. Mama mmoja meza ya karibu na mlango alikuwa ameinamisha kichwa, kiganja kakiweka nyuma ya sikio, anayatafuta maneno ya mzee anayeimba. Nikamwona. Nikasukuma juu feda ya mzee, kile kitelezi cha kuongeza sauti yake, spika zikapiga mluzi, na ukumbi mzima ukanigeukia.

Mluzi hauna uchawi. Maiki inaisikia spika, inairudishia ile ile sauti, spika inaitoa kubwa zaidi, na mzunguko unaendelea mpaka mtu aukate. Niliukata kwa ekwalaiza, inayopunguza sauti nyembamba au nene peke yake, kwenye hezi 2,500 hivi, na ukaacha. Lakini maeneo hayo hayo ndiyo yanayobeba makali ya maneno, zile t na k na ch zinazomfanya mtu atofautishe neno moja na jingine. Ukipunguza sana hapo, mwimbaji anabaki na a na o tupu. Kwa hiyo kwa wimbo mzima nilikuwa nimeuzima mluzi na maneno ya mzee pamoja nao, kwa mkono wangu.

Ubaya ulianzia jukwaani. Mpiga solo alikuwa ameiweka spika ya gitaa lake sakafuni, nyuma ya magoti. Sauti inampita miguuni na kwenda kumpiga usoni mteja wa meza ya kwanza. Yeye mwenyewe anaona hajisikii, anaongeza. Mpiga besi anaona kamezwa, naye anaongeza. Drams zinakazwa mkono. Waimbaji wanaomba monita, zile spika za jukwaani za kujisikia wenyewe, zipandishwe, na monita zikipanda zinaingia kwenye maiki. Maiki zetu zinapokea kwa mbele, lakini kwa nyuma ni nzito kusikia, ndiyo maana monita tunaiweka nyuma yake. Yule mwimbaji kijana alikuwa ameifumbata ya kwake kichwani kwa viganja viwili, na ukiifumbata hivyo inaanza kusikia kila upande. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anafanya ubaya. Kila mmoja alikuwa anajitafuta.

Kipimo cha kwenye simu, ambacho sikitegemei sana, kilinionyesha desibeli 100 pale nilipokaa. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inashauri mtu asikae kwenye kelele za kiasi hicho zaidi ya dakika 15 kwa siku. Sisi tunapiga saa tano. Nimewanunulia wahudumu vizibo vya masikio, wawili ndio wanaovivaa.

Wakati wa mapumziko nikapanda jukwaani. Mpiga solo ni mtu mzima, ameanza kupiga gitaa mimi sijazaliwa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Umekuja kunipunguza?”

“Hapana mzee. Nataka ujisikie. Naomba niinue hii spika yako.”

Nilichukua kreti tupu la soda kule kaunta, nikaipandisha spika juu yake, nikailaza mgongo kidogo ili uso wake uelekee masikioni kwake. Akagusa waya mmoja tu wa gitaa. Akasimama kimya. Akagusa tena, kisha akainama na kuishusha sauti mwenyewe, kutoka saba hadi karibu na tatu. “Kumbe ndiyo nilikuwa nawapigia hivi,” akasema, na akamwita mpiga ridhimu aje asikie.

Nimekulia kwenye nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 na 1980, bendi nzima ikipiga kwa pamoja chumba kimoja. Sikiliza Mlimani Park, bendi ya dansi ya Dar es Salaam iliyoanza 1978: mwimbaji akiwa na neno, solo inamsubiri; akimaliza, tarumbeta zinamjibu. Nafasi ya maneno imeachwa na aliyepanga muziki, haikutengenezwa na fundi baadaye. Ndiyo maana naamini kazi yangu kubwa inafanyika kabla sijagusa feda yoyote, kwenye kupanga nani asimame wapi na asikie nini.

Kipindi cha pili nilirudisha zile hezi 2,500 mahali pake, na mluzi haukutokea. Feda ya mzee anayeimba ilikuwa chini kuliko mwanzo na maneno yakafika mpaka jikoni. Mchoma nyama alikuwa anaitikia kibwagizo huku anageuza mishikaki. Nikatazama meza ya karibu na mlango. Yule mama alikuwa ameshaondoka. Chupa yake ya maji ilikuwa nusu.

Bendi ilifika saa mbili na nusu usiku, wateja wameshakaa, na sikuwa na hata dakika kumi za kujaribu mitambo. Safari ijayo nitawaomba saa kumi jioni, na nauli ya kuwahi nitaizungumza mwenyewe na meneja.

Chaneli ya sita inakwaruza, plagi yake nitailehemu kesho. Vichwa vya wavu vya maiki zote tatu nimevifungua, nimeviosha kwa maji na sabuni, viko dirishani vinakauka. Kreti nimeliacha pale pale jukwaani na nimeandika juu yake kwa chaki: lisiondolewe.