Ganzi ya kidole cha mwisho: mkono wangu baada ya operesheni ya neva ya kiwiko

Ganzi yangu ilianzia kidole cha mwisho mkono wa kulia na nusu ya kidole cha pete, yaani nusu kweli, ule upande unaogusana na kidole cha mwisho umekufa na upande wa pili unasikia kila kitu. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo Dodoma, nashona magauni na vitenge, ikifika Desemba na Januari nazama kwenye sare za shule, kwahiyo mkono ndo mtaji. Mwanzoni ilikuwa usiku tu, nikiamka naukung'uta unarudi. Baadae ukawa haurudi. Siku moja napiga pasi nikasikia harufu ya kuungua, nikaangalia kitambaa kiko salama, kumbe ni kidole changu kimegusa bati na mimi sina habari kabisa.

Lakini kilichonipeleka hospitali sio moto, ni mkasi. Nikawa nashindwa kukata jinzi, nguvu haipo, na ukiangalia mkono kwa nyuma ile nyama iliyoko kati ya dole gumba na kidole cha shahada imebonyea shimo. Mama mkwe alivyokuja kutoka Mpwapwa akaliona lile shimo akasema mkono umechezewa. Baba watoto akasema ni sukari, tukapima sina. Kila mtu na lake.

Dokta wa mifupa alinipa karatasi niibane kati ya dole gumba na kidole cha shahada, mikono yote miwili, halafu akavuta. Kushoto karatasi imekaa na dole gumba limenyooka. Kulia dole gumba likajikunja lenyewe kwenye kiungo cha juu na karatasi ikachomoka. Akagonga nyuma ya kiwiko upande wa ndani, pale ambapo mtu yeyote akijigonga anasikia shoti, ikanipiga mpaka ncha ya kidole. Akasema hiyo ni neva ya alna, imebanwa kwenye njia yake nyembamba hapo kiwikoni, na ile kazi ya kuegemea kiwiko mezani huku mkono umekunjwa natia vifungo na kupinda masaa na masaa haikuisaidia, mana ukikunja kiwiko neva inavutika na njia inazidi kubana. Nikapanda treni ya SGR kwenda Dar kwenye kipimo cha umeme, wanakupiga vishoti vidogo mkononi wanaangalia mwendo unapungulia wapi, wangu ulikuwa unapungulia kiwikoni. Nyama ikishaanza kuisha hakuna tena habari ya kusubiri, ni kufungua.

Operesheni yenyewe sina mengi. Nusu kaputi, wakafungua ule utando unaobana, neva wakaiacha palepale (wengine inahamishiwa mbele ya kiwiko, mimi haikuhitajika), bandeji kubwa, mkono kwenye kombeo, na siku ileile nikaambiwa nianze kuchezesha vidole. Vitu vizito marufuku kwa wiki kadhaa, hata ndoo ya maji.

Sasa hapa ndo nataka kuongea, mana watu waliokuja kuniona wote walikuwa wanauliza swali moja, "umepona?" na mimi nilikuwa sijui nijibu nini. Yale maumivu ya usiku yaliisha haraka sana, nilishangaa, nikalala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau. Lakini kidole bado kimekufa, karatasi bado inachomoka. Kaka wa mazoezi tiba ndo aliyenifafanulia nikaelewa. Alisema kwenye neva iliyobanwa muda mrefu kuna nyuzi ambazo zimechubuka tu ganda la nje, hizo zikipata nafasi zinaamka ndani ya wiki au miezi michache. Na kuna ambazo zimekufa kabisa kuanzia pale kwenye mbano kushuka chini, hizo lazima ziote upya kutoka kiwikoni, na zinaota kama milimita 1 kwa siku zikienda vizuri, sema sentimita 3 kwa mwezi. Bomba la zamani lipo, uzi ndo unapita taratibu ndani yake. Nikamwambia basi nimekuelewa, ni kama kupitisha lastiki kwenye pindo la kiuno, akacheka akasema ndo hivyohivyo ila hii haina pini ya kuivuta.

Nikaenda nyumbani nikachukua futi yangu ya kushonea. Kutoka kwenye kovu mpaka kifundo cha mkono kama sentimita 25, mpaka ncha ya kidole karibu 40. Piga hesabu mwenyewe. Mwaka na zaidi! Kusema ukweli nilikaa kitandani nikaishiwa nguvu, lakini baadae hiyo hesabu ndo ilinituliza kuliko maneno ya pole yote niliyopewa, mana nilijua mwezi wa tatu baada ya operesheni kidole kikiwa bado kimekufa sio kwamba operesheni imeshindwa, ni kwamba haijafika.

Na kuna namna ya kujua imefika wapi. Unagonga taratibu kwa ncha ya kidole kuanzia kwenye kifundo unapanda kuelekea kiwiko, kwenye njia ya ile neva, pale ambapo shoti ndogo inaruka kwenda kidoleni ndo mwisho wa nyuzi zinazoota. Nilikuwa naweka alama kwa chaki ya kushonea halafu napima kutoka kwenye kovu na kuandika kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja, kwahiyo ukifungua ukurasa unakuta kifua cha mteja, kiuno, hips, halafu chini "mkono wangu 9". Kuna mwezi ilikaa palepale nikachukia, uliofuata ikaruka. Kaka wa mazoezi alisema nisipime kila siku nitajitia wazimu, mara moja kwa mwezi inatosha.

Kitu kingine, inaporudi inauma. Kuwaka, kuchomachoma, muwasho wa ndani ambao huwezi kuukuna, na ngozi ya karibu na kovu hata mkono wa blauzi ukigusa unaruka. Dokta aliniambia kama maumivu yanasogea kushuka chini hiyo ni habari njema, ila kama ganzi inarudi upya au nguvu inapungua tena nirudi mara moja. Juni na Julai ndo kilikuwa kipimo, mnaijua baridi ya Dodoma na ule upepo wake, vidole vile viwili vilikuwa vinakuwa vya bluu na vinauma mpaka machozi, nikashona glovu ya flana nikawa nayo dukani.

Mazoezi niliyopewa ni ya kawaida tu ila ni ya kila siku. Kunyoosha na kukunja mkono taratibu ili neva iteleze isishikwe na kovu, na ukisikia shoti unaacha, hulazimishi. Kufinya donge la unga wa ngano. Kutanua vidole vikiwa vimezungushiwa rababendi. Kubana vibanio vya nguo, hivi ndo vilinitoa jasho. Kulichua kovu kwa mafuta lilivyofunga vizuri. Usiku taulo limezungushwa kwenye kiwiko nisilale nimekikunja, baba watoto akawa ananiita mgonjwa wa ajali.

La kufundisha vidole kusikia nililipenda, mana lilikuwa la fani yangu. Nafunga macho, binti ninayemfundisha kazi ananipitishia kitambaa kwenye kidole cha mwisho, nakisia. Mwanzo jinzi na satini ni kitu kimoja. Halafu nikaanza kujua hiki kinakwaruza hiki hakikwaruzi, ila sijui ni nini. Kitenge na khanga vilinisumbua sana, nilivyoweza kuvitofautisha binti alipiga kelele mpaka mama wa duka la pili akaja kuuliza kuna nini. Muda wote huo sufuria na pasi nilikuwa nashika kwa kushoto, na jioni naukagua mkono kwa macho, mana kidole ambacho hakisikii kinaweza kukatika usijue.

Vidonge vya vitamini B watu wengi wananiuliza. Nilimeza nilivyoandikiwa, ila dokta alikuwa wazi kwamba vinasaidia kama umepungukiwa, havifungui neva iliyobanwa. Mimi kabla ya operesheni nilikuwa nimeshameza vya kutosha na shimo liliendelea kuchimbika.

Sahivi hali iko hivi. Kidole cha mwisho kinasikia moto, baridi, na sindano, ile ncha kabisa bado nzito. Karatasi naibana inakaa, japo dole gumba linataka kujikunja nikichoka. Shimo limejaa kiasi, halijajaa lote, na dokta hakunificha, nyama ikikaa muda mrefu sana bila neva, kama mwaka mpaka mwaka na nusu, inakakamaa na neva ikifika haikuti wa kumfanyia kazi. Sehemu ya nguvu yangu haitarudi. Kidole kidogo nacho kinapenda kukaa pembeni peke yake, nikiingiza mkono mfukoni kinabaki nje kimenasa.

Sare za msimu huu nimepokea shule moja tu. Mashati nashona mwenyewe, kaptula za drili anakata binti, vifungo natia kiwiko kikiwa juu ya mto na nikishatia kadhaa nanyoosha mkono hata kama mteja amesimama mlangoni anaangalia saa. Akizidi kuharakisha namwambia aende kwa fundi mwenye vidole kumi.