Baba mdogo niliyemzidi umri

Julai 25, jioni

Leo Siku ya Mashujaa. Asubuhi nilikaa mbele ya televisheni na kikombe cha chai nikaangalia wakiweka mkuki na ngao, kisha sime, kisha mzee mmoja akajongea taratibu na upinde na mshale. Tarumbeta ikalia. Kila mwaka tarumbeta ikishalia, shangazi hunipigia simu. Hana la maana. Huuliza kama mvua imenyesha, huuliza mchele huku ni kiasi gani, halafu huguna: "Haya. Naye angekuwa mzee sasa." Anakata.

"Naye" ni baba yangu mdogo, kitinda mimba wa bibi. Jina lake siliandiki hapa kwa sababu shangazi hapendi. Anasema jina la marehemu si la kutembezwa.

Alikufa mwaka 1979 akiwa na miaka 21. Mimi leo ninayo 50, na kijana wangu wa kwanza anayo 23, kwa hiyo hata huyo amekwisha kumpita babu yake. Lugha yetu inanilazimisha nimwite baba mtu ambaye angekuja kwangu leo ningemgombeza kwa kurudi usiku. Sijapata kulizoea jambo hili.

Kumbukumbu yangu juu yake ni moja tu. Nimekalishwa kwenye jamvi chini ya mchungwa, nina miaka mitatu au minne, na mbele yangu inapita miguu ya mwanamume. Suruali ya kahawia, bugaluu, pana chini mpaka inafagia vumbi la njia. Uso sikuuona. Miaka yote nikiulizwa kama namkumbuka baba mdogo nilijibu ndiyo, namkumbuka, alikuwa anavaa bugaluu.

Mengine ni ya kusimuliwa. Kwetu ni Muheza, na Muheza ya wakati ule ilikuwa mkonge na machungwa. Yeye alikuwa kibarua kwenye korona, ile mashine inayoponda majani ya mkonge na kuacha singa. Maji yake yananuka na yanawasha ngozi. Kazi yake ilikuwa kuanika singa kwenye kamba, nyeupe, safu baada ya safu, na kwa maneno ya baba yangu hakuwa hodari wa kazi hiyo wala nyingine yoyote. Alikuwa mchelewaji. Alikuwa mkopaji: alikopa sigara, alikopa shati la kwendea dansi, alikopa baiskeli ya jirani akairudisha bila kengele. Alikuwa akiogopa bata bukini, kijana mzima, akizunguka nyuma ya nyumba ili asikutane nao. Msibani alikuwa hakai vizuri, kicheko kinamshika, bibi anamfinya.

Lakini kulikuwa na mzee mmoja pale kambini, mmoja wa wale manamba walioletwa kutoka mbali enzi za Mwingereza, mkataba ukaisha na nyumbani wasirudi tena. Mkono wake mmoja uliharibiwa na mashine. Baba mdogo alikuwa akimtekea maji kila jioni, ndoo mbili, na hakumwambia mtu. Nyumbani walikuja kujua alipokwisha ondoka, mzee alipofika uani na ndoo tupu kuuliza yule kijana amekwenda wapi.

Amekwenda vitani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka yakaishika ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akazungumza, na sauti yake ikatoka kwenye redio ya duka moja pale Muheza, watu wamejaa hadi barabarani: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Baba yangu alikuwepo, na mdogo wake alikuwepo pia, amechelewa, akiuliza watu, "Kasemaje? Kasemaje?" Jeshi peke yake halikutosha, wakachukuliwa maelfu ya wanamgambo nchi nzima. Akajiandikisha. Sababu hakuitaja. Shangazi anaamini ni uzalendo. Baba alikuwa anaamini ni madeni. Mimi naona yanaweza kukaa pamoja kifuani mwa kijana wa miaka 20 bila kugombana.

Walipandia treni stesheni ya Muheza. Bibi alimpa ndizi za kuchoma ndani ya kitambaa, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Sasa nifike kwenye Lukaya. Nyumbani tulikua tukijua kwamba baba mdogo alipigwa risasi Lukaya, huko Uganda, Machi 1979, pale majeshi yetu yalipokutana na ya Amin pamoja na Walibya aliowaleta kumsaidia, kabla Kampala haijaanguka Aprili 11. Nilipokuwa shule ya msingi nilisimama darasani nikaisema Lukaya hiyo, mwalimu akawaambia wenzangu wanipigie makofi. Nikapigiwa.

Mwaka 2011 nilimsindikiza baba yangu kwenda Kaboya. Alikuwa ameanza kuugua na alitaka afike mara moja. Tulitoka Mwanza kwa basi, tukavuka ziwa kwa kivuko cha Busisi, tukapita Geita na Biharamulo, miguu yake ikavimba, hakulalamika. Kaboya iko Muleba, migomba pande zote. Makaburi ya wanajeshi wa vita ile yamepangwa kwa safu zilizonyooka, na askari aliyetupokea alituongoza mpaka lilipo jiwe la mtu wetu. Baba akaomba kiti. Akakaa. Nikadhani atalia, lakini alianza kuongea kama anayeendeleza mazungumzo ya jana.

"Si Lukaya," akasema. "Lilikuwa lori."

Mwaka 1980 alifika Muheza kijana aliyekuwa naye kikosi kimoja. Akanywa chai, akamwambia bibi na baba ilivyokuwa. Lori lilijaa watu na mizigo, usiku, barabara ya kutoka Masaka, dereva hajalala siku nyingi. Likapinduka. Hakukuwa na risasi wala adui karibu. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akamfungia nauli kwenye ncha ya kanga, na kijana alipoondoka akamwambia baba yangu: hili liishie hapa. Lori linaweza kukuua hata Segera, kwa nini alifuate Uganda? Lukaya ilikuwa imetajwa redioni, basi akaichukua Lukaya.

Sikujua nimkasirikie nani. Nilifikiria yale makofi ya darasani. Nikafikiria pia bibi, miaka ile ya baada ya vita, ya miezi 18 ya kujifunga mikanda aliyotuomba Mwalimu, ambayo haikuisha kwa miezi 18, akifua nguo zake za msiba kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haipatikani, na siri ya lori moyoni.

Halafu baba akatoa barua mfukoni. Sikuwa nimepata kuiona. Karatasi ya daftari, mikunjo imeanza kuachana. Akaisoma kwa sauti pale kaburini. Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali zenu, ama mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu. Huku mvua haikatiki. Ndizi wanazipika na maharage, mwambie mama ni tamu ila zake ni zaidi. Kaka, nenda kwa fundi, nimebakiza shilingi 15. Suruali yangu ya kahawia usimpe mtu, nikirudi naivaa.

"Ya kahawia?" nikauliza. "Bugaluu?"

Baba akacheka mpaka askari akageuka. Kumbe alikwenda na shilingi zake 15 akamkuta fundi mwenyewe ameivaa, anashona. Wakakaribia kupigana. Fundi akaapa ataivua, ataifua, kijana akirudi ataikuta mpya. Habari ya msiba ilipofika akaja nayo uani, imepigwa pasi, imekunjwa ndani ya gazeti, hawezi kumtazama bibi usoni.

Bibi akairudisha mikononi mwake. "Ivae tu," akamwambia. "Ukipita hapa niwe naiona."

Akaivaa mpaka ikawa viraka. Alikuwa akipita uani kwetu karibu kila siku, asubuhi akienda kwenye cherehani yake na jioni akirudi, hata siku ambazo njia ya mkato ilikuwa kavu.