Mchicha wa darasa la tano uliokolewa na mpira

Mimi ni mwalimu huku Newala, juu kabisa kwenye uwanda wa Makonde, na anayepajua huku ananielewa nikisema shida yetu ni moja tu, maji. Mvua ikishakata mwezi wa tano ndo basi mpaka mwezi wa kumi na mbili, watu wanachota kwenye visima vyao vya kuvunia maji ya mvua, kisima kikikauka unanunua ndoo, mia tatu, mia tano, siku mbaya hata zaidi. Sasa hapo ndo nikaambiwa nisimamie bustani ya shule na watoto sabini na kitu. Eti kwa sababu nilisoma kilimo. Nilisoma kweli, sekondari, na D yangu ninayo.

Kuna kaka mmoja, simtaji, akajifanya mtaalamu. Akasema mwalimu, siri ni matuta, nyanyua matuta mpaka magotini mizizi ipumue. Huko kwao mvua inanyesha mpaka watu wanaiomba ikome! Mimi na ujinga wangu nikakubali. Watoto wakapiga jembe wiki nzima, matuta yakasimama kama makaburi ya machifu, nikapiga na picha nikaweka status.

Udongo wetu ni mchanga mwekundu, ukimwagia ndoo inapita kama umemwaga kwenye chekeche. Halafu na samadi, nikasema kila mtoto alete ya mbuzi, wakaleta viroba na viroba, ya jana ile ile bado ina joto, nikaichanganya hivyo hivyo, nyingine ikabaki kwenye viroba. Mchicha ukaota siku ya nne, shangwe kibao, siku ya kumi ukaanza kuungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto. Uliobaki kuku wa jirani wakamalizia asubuhi moja tukiwa mstarini tunaimba wimbo wa taifa, tunawaona kabisa, na huwezi kutoka.

Aliyeniokoa ni mtoro wangu mmoja, mtoto anayekuja shule akijisikia. Akanivuta nyuma ya choo, pale kwenye ndoo ya kunawia mikono, maji yanapodondokea pamechimbika kishimo, na ndani yake kuna miche mitatu ya mchicha imejiotea yenyewe, minene, majani kama kiganja. "Mwalimu, mbona huu haufi?" Nikabaki nimeduwaa. Kumbe huku kwetu unashusha, hunyanyui! Tukabomoa matuta yote (watoto walininunia siku mbili) tukachimba vitanda vya kuzama, kina kama jembe moja, chini nyasi kavu na maganda ya karanga, juu yake samadi ile ile ila sasa imeshakaa miezi miwili na kupoa, halafu udongo, ukiacha kitanda kiwe chini ya usawa wa ardhi kama shubiri. Maji yakiingia hayana pa kukimbilia. Juu tandaza nyasi. Mbegu za mchicha changanya na mchanga mkavu kabla ya kusia, la sivyo watoto wanamwaga zote sehemu moja. Bamia loweka usiku mmoja.

Uzio tuliweka wa matawi ya miiba. Nitarudi hapo.

Haya, maji sasa. Nilisema kila mtoto aje na chupa ya lita moja, wiki ya kwanza walileta, ya pili nusu, ya tatu "mwalimu nimesahau". Na likizo ya mwezi wa sita ndo hiyo inakuja, nani atamwagilia? Nikalala nikifikiria, nikaamka na jibu. Mpira wa shule unalala kwangu. Uwanja uko hapo hapo. Likizo hao hao wanaokwepa bustani wanakuja kucheza kila jioni mpaka giza. Nikatangaza, anayetaka mpira, timu nzima ipite na chupa, kila mchezaji lita moja, mnamwaga kwenye vitanda ndo natoa mpira. Jamani! Siku ya kwanza wakaja ishirini na mbili. Siku ya pili na wasiocheza wakaja, eti ni wachezaji wa akiba. Kuna mmoja nilimkamata anajaza chupa kwenye tenki la shule lile lile tunalobania, nikamfanya golikipa wiki nzima, hakurudia.

Jioni ni bora kumwagilia kuliko saa sita mchana, hilo hata mimi wa D nalijua. Wadudu waleee wa kung'ang'ania chini ya majani tulinyunyizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulala usiku, harufu yake watoto waliipenda sijui kwa nini.

Wiki ya nne tukachuma. Mwingine ukaenda jikoni kula na ugali wa shule, mwingine tukauza fungu mia mbili mia mbili kwa akina mama wanaopita kwenda sokoni, na yule kaka wa matuta akanunua mafungu matatu bila kuniangalia usoni.

Hela haikuwa nyingi ila ilitosha mpira mpya. Wa zamani ulipasukia kwenye ile miiba ya uzio wetu wenyewe.