Faili lililobaki

Jana usiku mdogo wangu kanipigia simu, hata salamu hakutoa. "Dada, nikiandika git rm, hili faili si litafutika?" Nikamwambia asiguse kitu kwanza; hiyo ni amri ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Papo hapo nikamkumbuka Fundi, mwenzetu wa kazini.

Tulikuwa ofisi ya ghorofani pale Kijitonyama, mchana, feni zinazunguka bure. Binti aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo alikuwa amegundua kwamba faili la .env, lenye nywila ya kanzidata na ufunguo wa malipo ya simu, limo kwenye ripo, yaani hifadhi ya Git ya mradi wetu, tangu kabla hajafika. Alikuwa ameliandika kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git iyapuuze, lakini kila akilibadilisha, Git inalitaja tena. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta.

Fundi akavuta kiti. "Usifute, mwanangu. .gitignore inazuia yale ambayo Git haijaanza kuyafuatilia. Hili imeshalishika, lazima tuiambie iliachie."

Akaandika taratibu, akimsomea kila neno:

git rm --cached .env

Skrini ikajibu: rm '.env'. Binti akashika kichwa. "Limeondoka!" Fundi hakumjibu, akaandika ls -a, amri ya kuorodhesha mafaili yote ya folda, hata yaliyofichwa. Binti akasogeza uso karibu na kioo, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka akaliona: .env, lipo palepale. Akacheka kwa sauti, hadi watu wa meza za mbali wakageuka. Kilichoondoka ni jina lake tu kwenye orodha ya Git. Faili lenyewe kwenye diski halikuguswa, kwa sababu ya lile neno --cached.

Wakakomiti, yaani wakayaandika mabadiliko hayo kwenye historia ya Git. Lakini kabla ya kuyapandisha kwenye ripo ya pamoja, Fundi akasimama akatutangazia: kila mtu anakili .env yake pembeni, maana tukivuta mabadiliko hayo, Git italifuta kwenye folda zetu. Hilo wengi hawalisemi, na ndilo linaloumiza watu. Jioni ile nywila zote zikabadilishwa, kwa kuwa komiti za zamani bado zilikuwa nazo.

Ugomvi ukabaki kwenye historia. Wengine walitaka isafishwe yote. Fundi akasema nywila zimeshakufa, ya nini kubadilisha utambulisho wa komiti na kuwalazimisha watu wote kuchukua ripo upya? Mpaka leo sijapata upande. Siri iliyozeeka mle ndani inanikera, lakini nimeshaona pia timu nzima ikikwama kwa sababu ya historia iliyoandikwa upya.