Kioo cha Upande wa Mama

Ni Jumamosi usiku. Vidole bado vinanuka grisi na sabuni imeshindwa kuitoa, lakini nataka niandike kabla sijalala, kwa sababu leo kioo cha mama kimeshuka.

Kilikaa miezi minne kimefungwa. Ni kioo cha mbele kushoto cha Corolla aliyotuachia baba, ile inayoitwa 110, ya mwaka 1998. Siku kilipogoma kilikuwa juu, nami nikashukuru: kingegoma kikiwa chini, mvua ya vuli ingetuingilia ndani. Nikamwambia mama tutafungua cha kwangu na vya nyuma, hewa itazunguka. Akajibu, "Sawa, mwanangu." Nikaona mambo yamekwisha.

Huku kwetu Tanga usukani uko kulia na tunapita kushoto mwa barabara, kwa hiyo anayekaa kiti cha kushoto ndiye anayepita karibu na watu. Karibu na mabaraza, na genge la machungwa ya Muheza, na muuza kahawa na wateja wake. Mama amekalia kiti hicho tangu gari linunuliwe. Jumamosi asubuhi, kutoka kwetu Makorora kuelekea Ngamiani, baba aliendesha kwa mwendo wa baiskeli, tena baiskeli ya mtu asiye na haraka, kwa kuwa alijua mke wake ana watu. Kioo chini, mkono nje. "Shikamoo, bi mkubwa." "Marahaba, mwanangu. Mama yako mguu unaendeleaje?" "Afadhali kidogo, anakusalimu." Nani kafiwa, nani kajifungua, nani mwanawe kaposa, yote yalipitia dirisha lile. Nilipokuwa mdogo nilikaa nyuma nikichoka kusubiri. Sasa ninaendesha mimi, na mwendo wangu si wa baba.

Mwezi uliopita shangazi akanipigia simu. Alizunguka sana, akauliza habari za kazi, habari za watoto, kisha akasema: "Watu wananiuliza, mama yako tangu afiwe amekuwaje? Anapita na gari vioo juu, hatazami mtu." Nilikosa neno. Jua likipiga kile kioo, aliye nje hamwoni aliye ndani. Anaona mti na ukuta wake mwenyewe. Mama alikuwa akiwapungia mkono miezi yote hiyo. Namwona kila siku akipunga.

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Alibonyeza swichi mara mbili, akasema mota imekufa, nilete shilingi 80,000 atafute ya mtumba. Hakufungua hata skrubu moja. Nilikuwa na hasira, si ya fundi, ya nafsi yangu kwa kuchelewa, na nilikuwa karibu kutoa hizo pesa. Aliyenizuia ni mama. Tulipokuwa tunarudi akasema, "Juzi wakati nashuka pale Bombo, mlango uko wazi, nikabonyeza kwa mazoea tu. Kikashtuka, kikashuka kama upana wa kidole. Nilipofunga mlango nikabonyeza tena, kimya."

Maneno hayo ndiyo yaliyotengeneza gari. Mota iliyokufa haifufuki kwa sababu mlango umefunguliwa. Kinachobadilika mlango ukifunguliwa ni nyaya: zinatoka ndani ya nguzo ya gari, zinapita kwenye mpira wenye mikunjo hapo kwenye bawaba, zinaingia mlangoni. Kila ukifungua na kufunga zinakunjwa mahali palepale. Zikunje zaidi ya miaka 25, kwa mlango wa kiti alichopakia baba mtaa mzima, shaba iliyo ndani lazima ichoke.

Jirani yetu ni mzee wa umeme wa magari, ana kibanda chake chini ya mti wa mkungu. Nilimweleza alichosema mama. Akacheka kwa furaha, akasema, "Bi mkubwa kamaliza kazi. Lete gari Jumamosi saa moja, jua halijawa kali, tufungue wote." Ilimbidi aseme hivyo, maana huu ni wakati wa kaskazi na kufika saa nne bati la gari halishikiki.

Kabla ya kufungua alinifundisha kupima, na nayaandika hapa ili nisiyasahau. Vioo vingine vitatu vinafanya kazi, basi fyuzi kubwa haina kosa. Kioo cha mama kinakataa kwenye swichi ya mlango wake na kinakataa pia kwenye swichi kuu ya dereva, basi si rahisi swichi zote mbili ziwe zimekufa siku moja. Mota ya kioo ina nyaya mbili tu. Ukibonyeza kushuka, moto unaingia kwa huu na kutokea kwa ule; ukibonyeza kupanda, unageuka. Ndiyo maana mota moja inaenda pande zote mbili, na ndiyo maana ukikatika mmoja tu haiendi kokote.

Kutoa kava la mlango kunahitaji subira kuliko nguvu. Skrubu moja imejificha nyuma ya kitasa cha ndani, nyingine kwenye mshikio wa mkono, kisha klipu za plastiki kuzunguka ukingo wote. Klipu za miaka hii zimekauka kama biskuti. Tulivunja tatu. Nyuma ya kava kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Hiyo mafundi wengi huichana na kuitupa, na ni kosa, kwa sababu maji ya mvua hupenya kando ya kioo na kushuka ndani ya mlango, na nailoni ndiyo inayoyazuia yasiingie kwenye kava na kapeti. Yetu ilikuwa nzima. Baba hakuwahi kuruhusu mtu aichane. Tuliibandua taratibu, tukaiweka juu ya kibao kama nguo ya mtoto.

Mzee akachomoa soketi ya mota, akaleta betri ya pikipiki na nyaya mbili, akagusisha. Kioo kikashuka. Kizito, kwa mlio, lakini kikashuka chote, na akigeuza nyaya kinapanda. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akituangalia. Alisimama.

Basi tukaubandua ule mpira wa kwenye bawaba. Kwa macho nyaya zote zilikuwa nzima. Mzee akaniambia nizivute mojamoja, polepole. Waya mzima ukiuvuta hauongezeki. Wa nne nilipouvuta ukanyumbuka kama mpira wa suruali: ganda la nje lipo, shaba ndani imekatika. Wa sita vivyo hivyo. Mwingine ulikuwa umebakiwa na nyuzi chache, na hizo zimeota ukungu wa kijani, ule unaoshika shaba yoyote inayokaa karibu na chumvi ya bahari. Mlango ukiwa wazi kwa pembe fulani, ncha zilizokatika zilikutana tena kwa sekunde moja. Ndiyo kile kidole kimoja alichokiona mama.

Nilitaka kuunganisha palepale na kufunga tepu. Mzee akakataa katakata. Kiungo kikikaa kwenye mkunjo kitakatika tena kabla ya masika. Alikata kila waya mbali, upande wa ndani ya nguzo na upande wa ndani ya mlango, akapachika kipande kipya katikati, ili viungo vikae mahali pasipokunjika. Na waya uwe laini, wa nyuzi nyingi nyembamba. Ule mgumu wa kufungia taa za nyumbani hauwezi kuvumilia mlango. Nilinunua mita mbili kwa shilingi 3,000. Tukalehemu kwa risasi, tukavisha mpira unaosinyaa kwa moto, tukarudisha kila kitu kwenye mikunjo yake.

Ule uzito wa kioo ulikuwa wa mifereji ya mpira pembeni, imejaa vumbi na kukauka. Niliipangusa kwa kitambaa na maji ya sabuni, nikaiacha ikauke, nikapuliza silikoni. Grisi ya kawaida mzee hakuitaka igusane na mpira kwa kuwa huuvimbisha. Hiyo tuliipaka kwenye meno na mikono ya mashine ya kioo. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango nayo yalikuwa yamezibwa na mchanga. Niliyazibua kwa mti wa fagio, ukatoka mchanga wa pwani kiganja kizima, na humo kipande cha gamba la kombe. Nimekihifadhi. Baba alipenda kuegesha ufukweni Raskazone jioni.

Saa tano tulikuwa tumemaliza. Mzee alikataa malipo ya ufundi, nikamwachia ya mafuta na mama akamwahidi futari Ramadhani ikifika.

Sikumuuliza mama anataka kwenda wapi. Niliingia Ngamiani, nikakata barabara ya kumi na mbili, nikaweka gia ya pili na kuiacha hapo. Akabonyeza mwenyewe. Kioo kikashuka bila mlio, joto la nje likaingia na harufu ya samaki wa kukaanga, akatoa mkono nje. Barazani alikuwepo yule mama muuza vitumbua, ambaye shangazi alinidokeza kwamba ndiye aliyeumia kuliko wote. Alitazama gari kwanza, bila kutabasamu.

"Mwenzangu," mama akamwita, "kioo kilikuwa kibovu."

Yule mama akaweka upawa chini, akajifuta mikono kwa kanga, akaja mpaka dirishani. Akaushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili. Wakaanza na msiba wa baba, tangu mwanzo, kama uliotokea jana. Nilizima gari.